Masomo ya Juu ya Sanaa na Njia ya Magadi

Masomo ya juu ya sanaa yana matawi mawili. La kwanza ni la kutenda: mwenye shahada ya kwanza hurudi karakanani kwa miaka miwili au zaidi, huchora, huchonga au hufinyanga, kisha huandaa maonyesho pamoja na maandishi ya kuyatetea mbele ya watahini. La pili ni historia ya sanaa. Hapo mtu hatakiwi kushika brashi. Anatakiwa kuvitazama vilivyoundwa na wengine, kuvitafutia tarehe, kujua nani alivifanya na nani alivitumia, na kuandika tasnifu. Ulaya matawi haya yalikua mbalimbali: historia ya sanaa ilipata uprofesa katika chuo kikuu cha Göttingen, Ujerumani, mwaka 1813, huku uchoraji wenyewe ukibaki katika akademia na shule zake. Afrika Mashariki yote mawili yamelelewa chini ya paa moja, mara nyingi katika idara yenye walimu wachache, na si ajabu aliyefundisha kuchonga asubuhi kuwa ndiye anayefundisha historia mchana.

Majina yanayotajwa kwanza katika habari hii ni vyuo vikuu vya Makerere, Nairobi na Kenyatta. Hata hivyo, vitu vilivyoandikiwa tasnifu vilitoka kwingine, na Kaunti ya Kajiado, Kenya, ni mojawapo ya sehemu zilizotoa vingi. Kona Baridi iko hapo, kwenye barabara ya Magadi baada ya kupita Kiserian, pale njia inapozunguka bega la vilima vya Ngong na kuanza kuteremka Bonde la Ufa. Upepo unaovuma kutoka bondeni ndio uliopapa mahali hapo jina. Ni nchi ya Wamaasai wa Keekonyokie. Upande wa pili wa kaunti, kuelekea Kitengela na Isinya, ni kwa Kaputiei. Sehemu hizi za Wamaasai na mipaka yake si mambo ya kabila tu. Hudhihirika katika shanga pia, kama itakavyoonekana.

Ukiteremka njia hiyo hadi Olorgesailie, historia ya sanaa hurudi nyuma kuliko chuo chochote. Mwanajiolojia J. W. Gregory aliona zana za mawe hapo mwaka 1919, na mwaka 1942 wanaakiolojia Mary na Louis Leakey wakafika kwenye uwanda uliotapakaa shoka za mkono. Mwaka 2018 watafiti waliokuwa wakichimba hapo kwa miaka mingi walitangaza kitu kidogo zaidi kwa umbo lakini kikubwa kwa habari: madonge ya udongo wa rangi, mekundu na meusi, yenye umri wa takriban miaka 320,000, mojawapo likiwa na alama za kusagwa na jaribio la kulitoboa. Hakuna ajuaye rangi hiyo ilipakwa wapi. Udongo mwekundu wa namna hiyo, ambao kwa Kimaasai huitwa olkaria, bado huchanganywa na mafuta na kupakwa vichwani na mabegani mwa morani, yaani vijana wa rika la mashujaa. Kuunganisha mambo hayo mawili kwa mstari mmoja ulionyooka ni kosa ambalo mtahini yeyote angelipiga kalamu nyekundu, lakini ni vigumu kulaumu wanaolifanya.

Vyanzo vya maandishi vinaanza na misafara. Mwaka 1883 Joseph Thomson, Mskoti kijana aliyetumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London, alipita Ngong akiwa ameungana na Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyekwisha izoea njia hiyo. Mizigo ilikuwa nguo, senenge na shanga za kulipia hongo, yaani ada ya kupita. Kabla ya kuingia Umaasaini, walipokuwa Taveta, wapagazi walilazimika kukaa chini na kuzitunga upya shanga zote, kwa kuwa Wamaasai hawakupokea shanga za kumwagwa tu. Walitaka zilizokwisha tungwa kwa urefu waliouzoea. Thomson aliliona jambo hilo kama usumbufu wa safari. Kwa mwanahistoria wa sanaa ni ushahidi wa thamani, maana unaonyesha kwamba kiwanda kilikuwa Ulaya na bidhaa iliuzwa na watu wa pwani, lakini kipimo kiliamuliwa na mnunuzi. Zamani hizo shanga zenyewe zilikuwa chache. Pambo kubwa la mwanamke lilikuwa waya, chuma au shaba, uliozungushwa mkononi na mguuni kuanzia kiwikoni au gotini hadi chini.

Baada ya hapo walikuja watawala wenye daftari. Moritz Merker, ofisa wa Kijerumani, alichapisha kitabu chake juu ya Wamaasai mwaka 1904, na Alfred Claud Hollis, ofisa wa Kiingereza, akachapisha chake mwaka 1905. Wote wawili waliandika juu ya alama za ngao, zinazoitwa sirata, ambazo zilimtambulisha shujaa kwa rika na kwa eneo lake. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 mchoraji Joy Adamson naye alilipwa na serikali ya kikoloni kuchora watu wa Kenya wakiwa katika mavazi na mapambo yao. Picha hizo ziko katika makumbusho ya taifa. Kama sanaa zina ubaridi fulani, watu wamesimamishwa kama sanamu za dukani, ila kwa anayetaka kujua hereni ilining'inia wapi na ushanga upi ulitangulia upi, hazina mfano.

Kufundisha sanaa katika ngazi ya chuo kulianza Makerere, na aliyekuanzisha alipitia jirani ya Kajiado kwanza. Margaret Trowell alisoma Slade School, London, akaja Kenya na mumewe daktari, wakakaa Machakos. Hapo alianza kupendezwa na kazi za mikono za Wakamba. Mwaka 1935 walihamia Uganda, na mwaka 1937 akaanza darasa la sanaa barazani kwake. Miaka miwili baadaye kazi za wanafunzi wake zilikuwa zimetundikwa Imperial Institute, London. Trowell hakutaka mwanafunzi Mwafrika aige Ulaya. Alisimulia hadithi au kueleza tukio kwa maneno, na mwanafunzi akalichora alivyoliona moyoni. Wakati huohuo alikusanya vyungu, mikeka, ngao na vibuyu, na mwaka 1953, pamoja na Klaus Wachsmann, akatoa kitabu kikubwa cha kazi za mikono za Uganda. Picha za wanafunzi ziliitwa sanaa, vyungu na vibuyu vikaitwa kazi za mikono. Mgawanyo huo uliingia katika mitaala na haujatoka kabisa hadi leo.

Makerere ilipoungana na Chuo Kikuu cha London, sanaa ilipewa stashahada, si shahada. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini ndilo lililoelekeza njia za watu kwa miaka mingi. Mwenye stashahada aliyetaka kuendelea alipaswa kupanda meli au ndege. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro, alisoma Slade kuanzia 1952 hadi 1955, akarudi kufundisha Makerere, kisha akawa balozi wa kwanza wa Tanganyika huko London. Picha yake ya watu wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, aliyoichora 1956, ilinunuliwa na Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York. Gregory Maloba, Mkenya kutoka upande wa Mumias, aliyekuwa mmoja wa wanafunzi wa mwanzo wa Trowell, naye alikwenda Uingereza kuongeza masomo ya uchongaji; sanamu yake ya uhuru ilisimamishwa Kampala mwaka 1962.

Wasioweza kusafiri walirudi nyumbani. Rosemary Karuga, mwanamke wa kwanza kusoma sanaa Makerere, alimaliza mwanzoni mwa miaka ya 1950, akarudi Kenya kufundisha shule, na kwa zaidi ya miaka 30 hakutambulika kama msanii. Alipoirudia kazi yake miaka ya 1980 hakuwa na fedha za rangi. Alichana karatasi za kufungia sabuni na pakiti za unga wa mahindi, akazibandika kipande kwa kipande mpaka zikawa picha za kuku, watoto na wanawake wenye mizigo. Kwa karibu, maandishi ya kiwanda bado yanasomeka kwenye bawa la kuku. Kazi hizo leo hutajwa katika mihadhara ya uzamili aliyoikosa mwenyewe.

Cecil Todd alimrithi Trowell mwaka 1958 na kuibadili shule: nadharia ya rangi, uchoraji wa mtu aliye hai, na mihadhara ya historia ya sanaa ya dunia. Hapo ndipo tawi la pili lilipoanza kuota mizizi katika eneo hili, ingawa historia iliyofundishwa ilikuwa zaidi ya Ulaya.

Kenya ilichukua njia mbili. Chuo cha Kifalme cha Ufundi kilichofunguliwa Nairobi mwaka 1956 ndicho kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970. Kilikuwa karibu na usanifu majengo na viwanda, hivyo sanaa yake ilielekea ubunifu wa bidhaa na michoro ya kibiashara. Maloba alihamia huko miaka ya 1960. Njia ya pili ilipita kwenye kambi ya jeshi. Templer Barracks ilikabidhiwa serikali ya Kenya mwaka 1965 ikafanywa Kenyatta College, chuo ambacho kazi yake kubwa ilikuwa kuandaa walimu, na ambacho kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1985. Terry Hirst, aliyefundisha sanaa hapo, alikuwa pia miongoni mwa walioanzisha nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa mwaka 1965 pamoja na Elimo Njau. Kwa kuwa Kenyatta iliandaa walimu wa sekondari, sanaa yake ilibaki sanaa, na ndiko masomo ya uzamili na uzamivu wa sanaa nchini Kenya yalikojijenga.

Msukumo mwingine ulitokana na msiba wa jirani. Idi Amin alipotwaa madaraka Uganda mwaka 1971, walimu wa Makerere walianza kutawanyika. Theresa Musoke, aliyesoma Makerere na kisha kupata shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alikuja Kenya na kukaa miaka kama 20, akichora na kufundisha, pamoja na pale Kenyatta. Francis Nnaggenda, mchongaji aliyesomea Ujerumani, alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi kabla ya kwenda Makerere mwishoni mwa muongo huo. Bila Waganda hawa, kizazi cha kwanza cha Wakenya waliosomea sanaa nyumbani kingepata walimu wachache mno.

Historia ya sanaa ya Kiafrika kama somo la uzamivu ilikuwa bado changa kila mahali. Nchini Marekani tasnifu ya kwanza ya aina hiyo huhesabiwa kuwa ya Roy Sieber, Chuo Kikuu cha Iowa, mwaka 1957. London, School of Oriental and African Studies ikawa kituo kingine. Sehemu kubwa ya utafiti ilikwenda Nigeria, Ghana na Kongo, kwa sababu wataalamu walitafuta vinyago na sanamu za shaba. Wafugaji wa Afrika Mashariki hawakuwa na vinyago, basi wakahesabiwa kuwa hawana sanaa, wana mapambo. Hukumu hiyo ilikuwa ya uvivu. Ilipata jibu katika miaka ya 1980 kwa tasnifu mbili. Mwaka 1986 Elizabeth Orchardson-Mazrui, aliyekuja kufundisha Kenyatta, alikamilisha London uzamivu wake juu ya sanaa na vyombo vya Wamijikenda, vikiwemo vigango, yaani nguzo za kuwakumbuka wafu. Mwaka 1987 Donna Klumpp akatoa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, tasnifu juu ya sanaa ya Wamaasai na jamii yao, akiifungamanisha na rika, jinsia, fedha na ng'ombe. Baadaye yeye na Corinne Kratz waliandika pamoja wakilinganisha mapambo ya Wamaasai na ya Waokiek.

Kazi ya namna hiyo inahitaji kukaa chini na wenye sindano. Ushanga mpana wa shingoni, ule bapa unaovaliwa na wanawake wa Kajiado, hutungwa duara baada ya duara kwenye waya. Kila baada ya nafasi fulani hukatizwa na kipande chembamba cha ngozi kilichotobolewa matundu, kinachoshika duara zisitawanyike. Siku hizi kipande hicho mara nyingi hukatwa kwenye mtungi wa plastiki, na uzi ni wa nailoni badala ya ukano wa mnyama. Watalii huambiwa dukani kwamba nyekundu ni damu, nyeupe ni maziwa, bluu ni mbingu. Maelezo hayo si ya uongo mtupu, lakini hayafiki mbali. Mwenye kutunga huhangaikia zaidi mpangilio: eneo pana la rangi moja lazima likatwe na rangi inayopingana nayo, jinsi mabaka yanavyokata ngozi ya ng'ombe, na mkato usipokuwapo kazi huonekana haijakamilika. Mpangilio hutofautiana kati ya sehemu na sehemu ya Umaasai, kwa hiyo jicho lililozoea humtambua wa Keekonyokie na wa Kaputiei kabla hajasema neno. Nao hubadilika na rika: morani wapya huja na mitindo yao, na wasichana wao hutunga vingine. Hapo mwanahistoria hupata kitu anachokipenda kuliko vyote, yaani tarehe. Pambo lisilo na saini huweza kuwekwa katika muongo wake kwa kuuliza rika gani lilikuwa morani lilipotungwa.

Kuna pia vitu visivyo vya mitindo. Isurutia, pambo la mwanamke aliyeolewa lenye duara za waya wa shaba, huenda kwa warithi wala haliuzwi. Makumbusho ya Pitt Rivers ya Oxford yalikuwa nalo kabatini pamoja na vitu vingine vitakatifu. Mwaka 2017 Samwel Nangiria, Mmaasai wa Loliondo, Tanzania, aliyatembelea akahoji maandishi ya maelezo na namna vitu hivyo vilivyofika huko. Wajumbe wa Wamaasai kutoka Kenya na Tanzania walifuata wakafanya kazi na wahifadhi. Jambo lililodhihirika ni kwamba kadi za makumbusho, ambazo tasnifu nyingi zilizitegemea kama ushahidi, zilikuwa na makosa ambayo bibi yeyote wa Kajiado angeyarekebisha kwa dakika chache.

Sambamba na vyuo, ufundi wa karakana uliendelea kufundishwa bila cheti. Nani Croze, msanii mzaliwa wa Ujerumani, alihamia Kitengela mwishoni mwa miaka ya 1970, akajenga karakana ya vioo ukingoni mwa bonde linalotazamana na Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Vijana wa jirani walifundishwa kukata kioo cha rangi, kukipanga kwenye saruji kwa madirisha ya makanisa na benki, na kutengeneza shanga. Mwanawe Anselm akaongeza tanuri la kupuliza kioo, ambalo huyeyusha vioo vya madirisha vilivyovunjika. Fundi huzungusha bomba bila kusita, maana kioo kikiacha kuzunguka huanguka upande mmoja. Msaidizi hushika mlango wa tanuri na kusoma wakati kwa rangi ya moto. Ujuzi huo hupimwa kwa bilauri inayosimama wima, na wengi wa mafundi hao hawana shahada. Wanafunzi wa vyuo huja kutazama na kujifunza kwao.

Swali la cheti kipi kinatosha kufundisha lilikuja kuwa zito. Nchini Marekani chama cha wanasanaa wa vyuo, College Art Association, kilithibitisha mwaka 1977 kwamba shahada ya uzamili wa sanaa ya kutenda ndiyo ya mwisho katika fani hiyo. Mchoraji hakuhitaji uzamivu. Wakenya waliosoma huko, akiwemo Wangechi Mutu aliyehitimu Yale mwaka 2000, walipita katika mfumo huo. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, alifanya uzamili wa ufinyanzi Royal College of Art, London, kati ya 1979 na 1982, na kwa vyungu vyake, si kwa tasnifu, akafikia uprofesa Uingereza. Kenya ilielekea kwingine. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa mwaka 2014 vigezo vilivyomtaka mhadhiri awe na uzamivu, na ikaweka muda wa kuutimiza. Vigezo hivyo havikumtenga mchongaji na mwanauchumi. Wahadhiri waliokuwa na karakana hai walilazimika kuiacha na kuandika kurasa mamia juu ya sanaa, na baadhi yao waliandika vizuri. Makerere ilikuwa imekwisha ipitia njia hiyo: George Kyeyune, mchongaji, alikamilisha mwaka 2003 huko London uzamivu juu ya sanaa ya Uganda katika karne ya 20, na Angelo Kakande akapata wake Witwatersrand, Afrika Kusini, mwaka 2008. Historia ya sanaa ya Uganda leo inajulikana zaidi kutokana na wachongaji na wafinyanzi waliosukumwa kuwa wanahistoria. Basi shuruti ya cheti haikuwa hasara tupu, ingawa hakuna anayehesabu sanamu ambazo hazikuchongwa.

Mwanafunzi anayekwenda Kajiado sasa hukutana na sheria ambazo watangulizi wake hawakuzijua. Chini ya sheria ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya mwaka 2013, hahoji mtu kabla ya kupata leseni ya tume ya taifa, NACOSTI, na akishaipata huripoti kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu, kisha kwa chifu. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda ujuzi wa jadi na sanaa za kimapokeo imeongeza jambo lingine: mpangilio wa shanga unaweza kuwa mali ya jamii, na ridhaa inatakiwa kabla ya kuutumia kibiashara. Kuandika tasnifu na kuuza kitabu chenye picha za kurasa nzima si kitu kimoja mbele ya sheria hiyo, na msimamizi mwangalifu humkumbusha mwanafunzi wake mapema.

Suala la mahali nakala zinapokaa nalo limebadilika. Tasnifu za Marekani za miaka ya 1980 zilihifadhiwa kwa filamu ndogo huko Ann Arbor, Michigan, na aliyezitaka aliagiza kwa posta na kulipa kwa dola. Mkenya aliyetaka kusoma juu ya shanga za kijiji cha mama yake aliagiza nakala ng'ambo. Kenyatta na Nairobi sasa huweka tasnifu zao kwenye hazina za intaneti, na katika hazina hizo mtu hupata kazi za uzamili juu ya vibuyu, kanga, sanamu za Wakamba na ushanga wa Kajiado, nyingi zikiwa zimeandikwa kwa Kiingereza.